Hema la Shangazi Laota Miguu

Hema lilikuwa linatembea.

Usidhani macho yako yamekosea kusoma. Wiki iliyopita tuliwaacha mafundi cherehani wetu wamesimama kambini, juu ya mto, kila mmoja na kikombe cha chai mkononi, na mbele yao hema jeupe la Shangazi limeng'oa vigingi vyake na kuanza kuteremka mteremko. Halikupeperushwa. Upepo wa asubuhi ile usingetikisa hata kitambaa cha kichwani. Lilikuwa linakwenda kwa hatua, taratibu, kama mtu mwenye safari yake.

Mpiga Pasi, ambaye hata usingizini huwa hanyamazi, alisema huyo ni kiboko. Ametoka mtoni alfajiri, ameingia hemani, na sasa anarudi kwao na hema mgongoni.

"Kiboko haimbi," alisema Sajini.

Kweli. Ndani ya hema mlitoka sauti nzito ya mwanamke, ikiimba wimbo wa sifa, ubeti wa pili.

Alikuwa Shangazi.

Fundi Vifungo aliangusha kikombe. Si kwa sababu ya kumwonea huruma shangazi yake tu, ingawa alimpenda kuliko nafsi yake. Ni kwa sababu maisha yake yote ya mbele yalikuwa ndani ya hema lile, na hema lile lilikuwa linaelekea mtoni.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, sikia kwa ufupi. Shangazi ni mkunga mstaafu. Amewapokea nusu ya watu wa mji ule kwa mikono yake, na nusu hiyo bado inamwogopa. Ndiye aliyemlea Fundi Vifungo tangu akiwa mtoto wa mgongoni, wazazi walipofariki. Sasa Fundi Vifungo ana miaka thelathini na moja, anatia vifungo na kutoboa matundu yake kwenye karakana ya Mama Mkasi, na moyo wake uko kwa Fundi Suruali: yule mrefu, mpole, anayeshona suruali tu na kuzungumza kidogo kuliko suruali zenyewe.

Mwezi mzima Shangazi hakusema ndiyo wala hapana. Alimtazama tu yule mwanamume, juu mpaka chini, chini mpaka juu. Mwishowe akatoa neno.

"Sitaki mwanamume ambaye kazi yake inafumuka. Anishonee hema kwa mkono wake mwenyewe. Tutapiga kambi mtoni siku tatu, nami nitalala humo mpaka siku ya kuondoka. Saa sita mchana likiwa limesimama, nitawabariki. Likianguka, kila mtu ashike njia yake."

Karakana nzima ikafuatana nao kambini, kusaidia na kushuhudia. Mama Mkasi, mwenye karakana, alitoa mapumziko ya siku tatu kwa sharti moja: mtu asibebe sindano. Mafundi ni watu wa ajabu, waambie wapumzike na baada ya saa moja wanapunguza pazia la jirani. Alipekua mikoba yote, hata wa Shangazi, kwa heshima.

Sasa ilikuwa siku ya tatu, saa nne asubuhi. Muda uliobaki ni wa saa mbili tu, na hema linakwenda kuoga.

Sajini alipuliza filimbi. Huyu ndiye mtunza kambi, askari mstaafu, mjane, mwenye choo kimoja cha mabati, bomba moja la maji, jiko la mawe na kibao chenye masharti kumi na manne yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu. Alikumbusha kwa sauti kwamba sharti la tisa linakataza kuhamisha hema bila idhini ya mtunza kambi. Hema halikusimama. Akapuliza tena. Hema likamjibu kwa ubeti wa tatu.

Wote wakatimka. Mama Mkasi alikimbia na sufuria ya chai kwa kuwa hakupata pa kuitua. Mpiga Pasi aliteleza kwenye nyasi zenye umande, akafika mtoni kabla ya wote, akiwa amekaa.

Hakuna aliyewahi. Hema likaingia majini.

Ukingo ule hauna kina, maji ni ya magotini na chini ni mchanga. Lakini turubai likishakunywa maji halijui habari ya magoti. Likavimba juu kama shavu la mpiga tarumbeta, likajizungusha nusu, likaketi. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Fundi Suruali hajui kuogelea. Karakana nzima inajua, maana siku ya kwanza alioga kwa kopo, hatua kumi kutoka ukingoni, na bado alikuwa anautazama mto kwa wasiwasi. Lakini aliingia na viatu vyake, maji yakampanda, akalikumbatia lile hema na kulishika pembeni penye mshono. Fundi yeyote angeshika hapo. Penye mshono ndipo penye nguvu.

Akavuta. Mshono ukafunguka.

Sikusema ulichanika. Nguo ikichanika hupiga kelele. Mshono huu ulifunguka kimya, kutoka juu mpaka chini, kama ganda la ndizi mbivu, na uzi mrefu mweupe ukabaki unaelea juu ya maji. Akashika mshono wa pili. Ukafunguka. Akashika wa tatu, nao ukamfuata mwenzake. Uzi ule ulikuwa unateremka na maji kama nyoka asiye na haraka.

Mama Mkasi, pale ukingoni, aliinama akaokota ncha. Akaivuta, akaizungushia kidole, akaitazama.

"Huu ni uzi wa kushikiza," alisema.

Hakupaza sauti, na hakuna fundi aliyehitaji maelezo. Ila wewe pengine hujawahi kukaa nyuma ya cherehani, basi nikueleze. Kabla ya kupiga mashine, fundi hushikiza. Hupitisha uzi kwa mkono, hatua ndefu ndefu, ili vitambaa vikae pamoja visihame. Ni mshono wa kupita tu. Mashine ikishapita, uzi ule huchomolewa na kutupwa. Na kwenye karakana ya Mama Mkasi uzi wa kushikiza ni mweupe, siku zote. Ukiona uzi mweupe juu ya nguo, kazi bado. Usipouona, kazi imekwisha, kunja upeleke. Miaka kumi na tisa sheria hiyo haijamtia mtu aibu.

Lakini haikuwahi kukutana na turubai jeupe.

Fundi Suruali, maji magotini, aliinua macho. Fundi Vifungo, miguu topeni, aliinua yake. Wakatazamana, na wote wawili wakaelewa mara moja.

Wiki ile ya kushona hema kulikuwa na suruali arobaini za wanafunzi. Fundi Suruali alilikata turubai mwenyewe, akalishikiza lote kwa mkono wake, kisha akamwomba mchumba wake alipitishie mashine jioni, mashine tu, yeye amalizie suruali. Fundi Vifungo akaja na giza linaingia. Akainama, akatafuta uzi mweupe. Hakuuona. Akasema moyoni, masikini, amemaliza mwenyewe. Akalikunja kwa upendo, akalifunga kamba. Asubuhi Fundi Suruali akalikuta limekunjwa. Naye akasema moyoni, masikini, amejinyima usingizi kwa ajili yangu. Akamwambia ahsante. Mwenzake akajibu, ahsante wewe. Wakaona haya, wakaishia hapo.

Hiyo ndiyo hasara ya wachumba wasiozungumza.

Shangazi alivutwa mpaka nchi kavu, turubai na yote. Kichwa chake kikatokeza penye mshono uliofunguka. Kilemba kimelowa, lakini kimekaa sawasawa. Alikalishwa juu ya nyasi, turubai limemzunguka kuanzia kiunoni kwenda chini kama sketi ya jitu. Akauliza kama chai imekwisha. Mama Mkasi akakumbuka sufuria yake, akammiminia.

Alikunywa mara mbili. Kisha akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa anaomba lisiulizwe.

"Nani ameshona hema hili?"

"Mimi, Shangazi," alisema Fundi Suruali. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye pindo za suruali. "Kosa ni langu."

Akainama akazikamua.

Fundi Vifungo alisimama pale akiwa kati ya moto na moto. Akinyamaza, mchumba wake anafukuzwa kwa uzembe. Akisema, anafukuzwa kwa udanganyifu, maana sharti lilikuwa mkono wake mwenyewe, na mkono wa mtu mwingine ulikuwa umekaribishwa. Angeweza kuinamisha uso tu. Wengi wangefanya hivyo. Lakini alilelewa na mwanamke aliyemfundisha kwamba uongo ni uongo hata ulimi ukiwa umefungwa.

Akapiga magoti kwenye tope.

"Shangazi, hakushona peke yake. Mashine nilitakiwa nipige mimi, sikupiga. Nilidhani amepiga yeye. Kama ni kufukuza, utufukuze wote wawili."

Hata Mpiga Pasi alikuwa amefunga mdomo, na wenzake walimtazama kwa hofu wakidhani ameumia.

Shangazi alikunywa chai yake mpaka tone la mwisho. Akakitua kikombe, akapangusa mdomo. Akawaambia wasikilize vizuri kwa kuwa hatarudia. Akainuka kutoa hukumu.

Hema likainuka naye.

Akaketi. Hema likaketi. Akainuka tena, kwa upande, kama mtu anayetaka kulivizia. Likamfuata.

Mama Mkasi ana jicho linaloona pindo lililopinda akiwa ng'ambo ya barabara. Alisogea, akachutama, akainua upande wa turubai. Pale, kutoka nyongani mpaka gotini, ulipita mstari wa mshono mweusi, mdogomdogo, uliobanana kama safu ya sisimizi. Ulikuwa mshono wa nne wa hema, ule pekee ambao haukufunguka mtoni. Na ulikuwa umeshika turubai pande zote mbili, pamoja na gauni la Shangazi.

Mama Mkasi alikohoa. Akamweleza, kwa heshima zote, kwamba gauni lake limeshonwa na hema.

Shangazi aliutazama mto, kama vile ndio uliosema. Halafu mabega yakamshuka.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Nimewaambia wanawake wangapi maneno hayo. Leo nijiambie mwenyewe."

Basi akaeleza. Mchana ule wa kwanza alijilaza hemani apumzike, jua likiwa nyuma ya ukuta wa turubai, akaona nuru inapenya kwenye mishono. Tundu, nafasi ndefu, tundu, nafasi ndefu. Mkono ulioshona kina mama kwa miaka arobaini unaujua mshono usiokaa. Alijua palepale kwamba hema halifiki siku ya tatu. Kazi yake ilikuwa kunyamaza na kungoja lianguke. Akapiga magoti aombe hekima, na katikati ya sala akajikuta anaomba hema lisimame.

Alishangaa mwenyewe. Lakini tangu washuke garini alikuwa amemwona yule mrefu akijaza ndoo za watu wote bombani kabla ya kuchota yake, bila kuambiwa na bila kutazama nyuma kuona nani anamwona. Mambo kama hayo hayashikizwi, yameshonwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Akatafuta sindano, akaanza kushona kutoka ndani, kona moja. Akawatangazia watu kwamba yuko kwenye sala asisumbuliwe. Siku mbili mafundi walipita mlangoni pake kwa ncha za vidole, wakiambizana jinsi mama yule anavyomcha Mungu. Asubuhi hii alimalizia ile kona bila miwani, amekaa ameegemea ukuta. Alipoinuka, vigingi vikang'oka, nguzo zikamwangukia, na mlango ukapotea.

Mama Mkasi aliuliza kwa nini hakuita.

"Ningeita mngekuja. Mngekuja mngeona," alisema Shangazi. "Nikaona bora niende hivyohivyo. Nilidhani naelekea bafuni."

Mpiga Pasi ndiye aliyeanza. Alilala chali kwenye nyasi akapiga ardhi kwa viganja. Mama Mkasi aliketi juu ya sufuria. Fundi Vifungo alicheka na kulia, hajui kipi kinatangulia. Na Fundi Suruali akacheka pia, mara ya kwanza mbele za watu, kacheko kembamba ka kukatikakatika kama cherehani inayodai mafuta, na hilo likawavunja mbavu upya.

Mama Mkasi ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudiwa na akili. Alisema alipekua mikoba yote kwa mikono yake. Kambini hapakuwa na sindano. Hii imetoka wapi, na uzi mweusi juu yake?

Watu wakatazamana. Sajini akagundua kwamba bomba linahitaji kukaguliwa. Aliliinamia kwa bidii, amewapa mgongo. Ndipo wote walipokumbuka kwamba tangu siku ya kwanza shati lake lilikuwa limekosa kifungo cha tumboni, amelifunga kwa kipande cha waya. Mtu mwenye sindano hafungi shati kwa waya, labda awe amemwazima mtu.

"Askari hatembei bila sindano," aliliambia bomba.

Shangazi hakungoja mazungumzo hayo yaendelee. Aliwaambia wameshacheka vya kutosha, na kwamba neno lake ni neno. Alisema saa sita liwe limesimama. Sasa ni saa ngapi?

Sajini akatazama saa yake ya mkononi, kwa haraka ya mtu aliyeponea. Saa nne na dakika thelathini na tano.

"Basi bado si saa sita," alisema Shangazi.

Alikatwa kutoka kwenye turubai kwa kisu cha jikoni, akavishwa gauni la Mama Mkasi lililomfika kwenye miundi. Akachomoa sindano kutoka kwenye kilemba, ilikuwa humo muda wote, akamtia Fundi Suruali mkononi. Kibunda cha uzi akampa Fundi Vifungo.

"Wawili. Mtu wa tatu asiliguse hema."

Mishono mitatu, turubai bichi gumu kama ngozi ya ng'ombe, sindano moja, muda usiofika saa moja na nusu. Ungewauliza mafundi wenyewe, wangekwambia haiwezekani. Lakini hakuna aliyewauliza.

Walilitundika juu ya kamba kati ya miti miwili. Mwanamume akaingia ndani, mchumba wake akabaki nje. Fundi Suruali anasukuma sindano, inatokeza nje. Fundi Vifungo anaivuta, anakaza, anairudisha, inatokeza ndani. Hawaonani. Kila mmoja anaona ncha tu ya sindano inayotoka kwa mwenzake, mahali palepale inapotakiwa. Mama Mkasi alisimama na mikono nyuma asije akajisahau akagusa. Alikiri baadaye kwamba hajawahi kuona mshono unaokwenda kasi namna ile.

Katikati ya mshono wa kwanza sauti ya kiume ilipita kwenye turubai.

"Nilikwambia ahsante kwa kuwa nilidhani umejinyima usingizi."

"Na mimi nilidhani umejinyima wewe."

Sindano ilipita mara sita, saba.

"Kuanzia leo tuulizane," alisema yeye wa ndani.

"Tuulizane," alisema wa nje.

Walioko karibu walijifanya wanatazama ndege.

Mshono wa pili ulipofika nusu, uzi mweusi uliisha. Kibunda kitupu. Ilikuwa saa tano na robo. Mama Mkasi aligeuka, akautazama uzi mweupe alioukusanya kutoka mtoni, ule wa aibu, umejizungusha juu ya jiwe kama tambi. Mpiga Pasi akaelewa. Akaupangusa, akaukunja mara tatu, akausokota kwenye paja lake lenye manyoya akigugumia kwa maumivu, mpaka ukawa kamba ndogo ambayo ungeweza kumfungia mbuzi. Sharti lilisema wasiliguse hema. Halikusema habari ya uzi.

Saa tano na dakika arobaini na tano mshono wa tatu ulikuwa nusu. Honi ya gari ikasikika kwenye kona ya juu. Dereva aliyekuja kuwachukua alikuwa, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya udereva, amewahi. Alishuka, akaona watu wazima kumi na mmoja wamelizunguka turubai kimya kama wanasubiri liseme, akaamua kurudi garini kukaa.

Saa sita kasoro dakika saba, fundo la mwisho. Fundi Suruali akatoka ndani mbio, akasimamisha nguzo, akapigilia vigingi kwa jiwe. Safari hii alivipigilia juu zaidi, penye udongo. Fundi Vifungo akakaza kamba. Hema likainuka.

Halikuwa zuri. Lilikuwa limeinamia kushoto kama mzee anayesikiliza umbea, kona mbili mishono myeusi, ya tatu nusu nyeusi nusu nyeupe, ya nne nyeupe tupu. Na kwenye zile nyeupe, sheria ya miaka kumi na tisa haikuweza kumsaidia mtu. Uzi mweupe juu ya turubai jeupe: umekaa au haukukaa, jicho haliwezi kusema.

Shangazi hakutumia jicho. Alikwenda kwenye kona nyeupe, akaushika mshono kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, akakunja magoti, akaning'inia. Shangazi si mwepesi. Turubai likalia. Nguzo ikalia. Fundi Vifungo akafumba macho akaita jina la Mungu.

Mshono ukakaa.

Shangazi akatua miguu chini, akaingia hemani, akateremsha mlango. Wakasubiri. Sajini alikuwa na saa usoni na filimbi mdomoni. Sekunde zikahesabika. Saa sita kamili akapuliza, mara tatu, kwa nguvu, ingawa sharti la kumi na moja ni lake mwenyewe na linakataza kelele.

Hema lilikuwa limesimama.

Shangazi akatoka. Akawaita wapige magoti. Fundi Suruali alipopiga magoti kichwa chake kilimfika Shangazi begani, kwa hiyo ilibidi ainame pia.

"Kazi yenu imefumuka," alisema, mikono juu ya vichwa vyao. "Nyinyi hamkufumuka. Mungu awabariki, awape na watoto wanaozungumza."

Sitakueleza kelele zilizofuata. Dereva alisema baadaye alidhani kuna mtu ameumwa na nyuki.

Hapo ndipo hadithi nyingine ingefungwa, watu wapande gari waimbe mpaka nyumbani. Na kweli walianza kupakia. Mahema mengine yakakunjwa, masufuria yakapangwa, Mpiga Pasi akapewa mzigo mzito ili anyamaze. Shangazi alirudi hemani mwake akasema anakusanya vitu vyake. Fundi Vifungo alimpelekea Sajini sindano yake, akamshukuru kwa mikono miwili. Sajini aliipokea, akaingia kibandani kwake, akafunga mlango.

Alipotoka, shati lilikuwa limepigwa pasi. Waya haukuwepo. Mahali pake palikuwa na kifungo, kimeketi upande, kimezungushiwa uzi mwingi kuliko kifungo chenyewe. Kazi ya mkono wake. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya hema la Shangazi, ambako Fundi Vifungo alikuwa anakunja mkeka na Fundi Suruali anamshikia ncha ya pili. Akasimama wima, akavua kofia.

Alisema yeye ni mjane mwaka wa saba sasa. Alisema jana, alipokuja kuangalia kama uzi unatosha, alimuuliza Mama Mkunga jambo fulani. Mama Mkunga alimjibu kwamba mwanamke mwenye watu wake hajisemei. Nyumbani kwake amebaki na binti mmoja, huyo ndiye wa kuulizwa.

"Kwa hiyo nimekuja kwako, binti yangu," alisema Sajini.

Mkeka ulimponyoka Fundi Suruali.

Fundi Vifungo aliligeukia hema. Humo ndani kukunja nguo kulikoma. Akageuka tena, akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akamtazama yule askari mstaafu juu mpaka chini, kisha chini mpaka juu, kama alivyoona mtu mwingine akitazamwa mwezi mzima.

"Mzee," aliuliza, "kazi yako huwa inafumuka?"

Sajini alivuta pumzi ajibu. Aliivuta kiaskari, kifua chote.

Kifungo kikaruka.

Kilianguka kwenye nyasi, kikasimama kwa ubavu, kikabingirika. Kilipita kando ya kiatu kilicholowa cha Fundi Suruali, kikapita kigingi, kikalala mlangoni pa hema.

Dereva alipiga honi mara ya pili. Hakuna aliyegeuka.

Chini ya pazia la mlango ukatoka mkono. Ukapapasa nyasi kushoto, ukapapasa kulia, ukakipata kile kifungo, ukarudi nacho ndani.